Siku Baba Alipomwaga Viazi vya Moshi

Baba yangu amebakiwa na neno moja tu. Alhamisi.

Sitanii. Akitaka maji, Alhamisi. Akitaka kwenda chooni, Alhamisi. Ukimpa shikamoo anakukazia macho, anajikakamua weee, halafu inatoka hiyo hiyo Alhamisi.

Kuna Jumapili moja alilirudia neno hilo kwa zaidi ya saa mbili, mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikuwa pale pale, hatua tatu kutoka kwenye kiti chake, nashughulika na viazi vitamu huku napiga mluzi.

Naomba mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu. Mkishafika mwisho hukumuni tu, nimezoea.

Baba ni seremala. Miaka arobaini na kitu amekula vumbi la mbao, na nusu ya milango ya mtaa wetu imetoka mikononi mwake. Alitaka nirithi karakana yake. Nikamkatalia. Nilimwambia vumbi linanibana kifua.

Uongo mtupu. Nilikuwa naona aibu tu, nikidhani ni kazi ya kizamani.

Nikaenda kuajiriwa kiwanda cha chakula cha mifugo, na huko, chekeni kidogo, nakula vumbi la pumba kutwa nzima. Nasimamia mashine inayokandamiza pumba na kuzitoa zikiwa vidonge vya kuku na sungura.

Nafasi yangu karakanani akapewa msaidizi wake wa siku nyingi, mtu mzima mwenye wajukuu, ambaye mtaa mzima unamwita Randa. Baba hakuwahi kunilaumu kwa mdomo. Ila kila Randa alipokuja nyumbani, nilikuwa nakumbuka shughuli mahali pengine.

Mwaka jana baba akaanguka akiwa anapiga msasa meza ya mteja. Kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vikalala, na maneno yakaenda na maji, isipokuwa hilo moja. Kwa nini Alhamisi? Hata daktari hajui. Alisema inatokea, mtu anabakiwa na neno moja kama vile limenasa kooni.

"Lakini msimdharau," daktari akatuambia. "Kichwani yuko sawa. Anaelewa kila kitu."

Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia.

Taratibu tukajifunza kumsoma. Alhamisi fupi ya kukata, hataki. Alhamisi ya kuvuta, nakuomba. Alhamisi ya chinichini, asante. Nyumbani mimi ndiye niliyejipa ukalimani. Mke wangu akiuliza, "Baba anasemaje?" najibu papo hapo bila hata kufikiri. Nilijiona mtaalamu.

Kisha baba akaacha kula.

Si kwamba hawezi kumeza. Anaweza. Aligoma tu. Uji alikuwa anafunga mdomo, supu anafunga mdomo. Mashavu yakabonyea, saa ya mkononi ikawa inamteleza hadi kwenye kiwiko. Daktari akampima, akatuvuta pembeni mimi na dada yangu.

"Nawapa wiki mbili. Akiendelea kupungua, tunamwekea mpira wa chakula, unapita puani."

Dada akalia pale pale kwenye korido. Baba yetu na mpira puani! Mtu aliyekuwa akila anapiga meza kwa furaha.

Ni dada huyo huyo aliyeleta wazo.

"Unakumbuka viazi vyake vya karakanani?"

Nani asikumbuke? Baba alikuwa na jiko dogo la kuchemshia gundi, analichochea kwa vipande vya mbao. Kila siku alifukia kiazi kitamu kwenye jivu, na saa saba anakitoa kimelainika, ganda jeusi, kinanukia moshi. Alikuwa anachagua kipande kimoja kimoja cha kutia motoni, hiki ndiyo, hiki hapana, mpaka sisi watoto tunamcheka. Tulijua ni vituko vyake tu.

"Labda harufu ile itamfungua," dada akasema.

Wiki ya kwanza ilikuwa tayari imekatika.

Sasa, mimi nina jiko la moshi. Kaka yetu mkubwa, anayeishi mbali, alilituma kwenye mizigo yake. Si la mkaa wala la gesi. Lina tangi pembeni, unamimina humo vidonge vya mbao iliyosagwa, vinene kama kalamu. Ndani kuna skrubu inayovisukuma kidogo kidogo mpaka kwenye kikombe cha moto, na feni inapuliza. Unachomeka umeme, unabonyeza digrii unazotaka, unakaa kitako. Chakula kinaiva chenyewe na moshi wake.

Tatizo lilikuwa vidonge. Lilikuja na mfuko mmoja, nikaumaliza mwezi wa kwanza kwa kuchoma kuku wa kuringishia majirani. Madukani kwetu havipo.

Hapo ndipo akili zangu zikanizidi.

Si nasimamia mashine ya vidonge? Pale kiwandani kuna mashine ndogo ya zamani, imewekwa kando siku nyingi, haisagi tena chakula. Nikamwomba msimamizi, akaniruhusu niichezee Jumamosi baada ya zamu. Ilibaki kupata vumbi la mbao.

Na vumbi la mbao liko wapi? Kwa baba!

Jamani, nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu barabarani. Baba atakula kiazi cha moshi, na moshi wenyewe umetoka karakanani kwake. Niliona kabisa nitakavyolipa deni la moyo, mimi mtoto niliyekataa kazi yake.

Ufunguo wa karakana ninao. Nikaenda mchana, Randa alikuwa ametoka kupeleka vitanda kwa mteja. Ningeweza kumpigia simu nimuulize. Sikumpigia. Nimwambie nini, mimi niliyekuwa nikimkwepa miaka yote hiyo? Mlangoni kulikuwa na gunia lililofungwa waya, vumbi lake laini, kavu, halina vipande. Mengine yalikuwa ndani kabisa nyuma ya mbao, kuyafikia ni kazi.

Nikabeba la mlangoni.

Vidonge vilitoka vizuri ajabu. Vilikuwa na ukijani fulani hivi kwa mbali. Nikasema huenda ni aina ya mti.

Jumapili saa nne asubuhi tukamtoa baba uani na kiti chake cha magurudumu, tunachokiita gari lake, tukamweka kwenye kivuli cha ukuta. Mke wangu alimfunika shuka miguuni. Dada alikuja na siagi. Binti zangu wawili walikuwa wamekaa kwenye ngazi wanasubiri.

Viazi nilivichagua vya ukubwa mmoja. Nikaviosha na maganda yake, nikavifuta vikakauka, nikavitoboatoboa kwa uma ili visipasuke, nikavipaka mafuta na chumvi. Siri ya viazi vya moshi ni kutokuwa na haraka. Digrii mia na kumi, saa mbili na nusu au tatu, mpaka ukibonyeza kinakubali.

Kabla ya kuwasha nikamletea baba kiganja cha vidonge.

"Baba, unaona hivi? Ni vumbi la karakana yako. Nimevitengeneza mwenyewe."

Nikavimimina kwenye mkono wake wa kushoto, ule mzima. Akavitazama. Akakivunja kimoja kwa kidole gumba, akakisogeza kwenye mwanga, halafu puani.



"Alhamisi," akasema.

Mlio huo sikuwa nao kwenye kamusi yangu. Si wa kuomba, si wa kukataa. Macho yakajaa machozi.

"Baba anasemaje?" mke wangu akauliza.

"Amefurahi," nikajibu. Na mimi machozi yakanitoka. Mjinga mkubwa.

Nikamimina vidonge kwenye tangi, nikawasha. Jiko hilo likianza hutoa moshi mzito mweupe. Baba akaanza.

"Alhamisi! Alhamisi! Alhamisi!"

Anapiga mkono wa kiti. Ananyoosha kidole kwenye jiko, anakirudisha kwangu, anakirudisha kwenye jiko. Anatikisa kichwa mpaka shuka likaanguka.

"Anataka kuona kwa karibu," nikasema.

Nikalisukuma gari lake mpaka mbele ya jiko, usoni pa moshi.

Kila nikikumbuka mikono yangu ikisukuma lile gari, natamani kuikata.

Baba akajifunika pua kwa shati. Mke wangu akasema, "Hebu mtoe kwenye moshi, anakohoa."

"Mwache bwana. Miaka arobaini amekaa kwenye moshi wa mbao."

"Lakini anaonekana kama hapendi."

"Nani anamwelewa baba yangu, mimi au wewe?"

Baada ya muda mke wangu akanipuuza, akamrudisha mwenyewe kwenye ukuta. Baba alimshika mkono akamng'ang'ania, anamwambia Alhamisi kwa kunong'ona, mara nyingi, haraka haraka. Mke wangu akainama akamsikiliza. Akanitazama. Hakuelewa kitu, na mimi mkalimani nilikuwa nasonga siagi na chumvi kwa uma.

Saa mbili na zaidi ikawa hivyo. Alipiga kelele, akachoka, akapumzika, akaanza tena. Dada akaanza kuogopa. "Tusimpeleke hospitali?" Nikamwambia subiri, akionja tu atatulia, ni hamu hiyo.

Viazi vikaiva. Ngozi imejikunja, utomvu wa sukari umechuruzika pembeni na kugeuka mweusi. Nikavipanga kwenye sinia. Nikakipasua kimoja, nikatia siagi, nikapuliza, nikampelekea baba kijiko mdomoni.

Akafunga mdomo.

"Baba, nakuomba. Kijiko kimoja."

Akaupiga mkono wangu. Kijiko kikaruka.

Roho ikaniuma, nikajikaza. Binti yangu mdogo, mwenye miaka mitano, alikuwa ameshachukua kipande chake. Akasogea kwa babu yake kumbembeleza, kama anavyofanya siku zote.

"Babu, angalia, mimi nakula."

Alipokipeleka mdomoni, baba akamchapa mkononi. Kofi la nguvu, la mtu ambaye hajawahi hata kumfokea mjukuu. Kiazi kikaanguka, mtoto akapiga yowe. Kisha baba akajitupa mbele na ubavu wake mmoja, akalifikia sinia kwenye stuli, akalivuta. Viazi vyote chini, kwenye mchanga. Vilivyobaki kwenye sinia alivishika kwa kiganja kitupu, vya moto vile, akavitupa ukutani kimoja baada ya kingine.

"Alhamisi! Alhamisi!"

Ndipo niliposema.

"Kama umechoka kuishi, sema! Sema tujue! Lakini usipige watoto wangu!"

Nilimwambia mtu asiye na maneno, sema.

Mtoto aliacha kulia. Nikalishika lile gari, nikaligeuza likatazama ukuta, nikamwacha baba yangu anatazama ukuta kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Dada alijishika kichwa. Mke wangu alinitazama kwa jicho ambalo sijawahi kuliona tangu nimuoe.

Mlango wa ua ukagongwa. Alikuwa Randa. Dada ndiye aliyemwalika, bila kuniambia.

"Hodi hapa! Mbona kimya..." Akaviona viazi chini. Akavuta pumzi, akaitoa haraka.

Hakutusalimia. Alienda moja kwa moja kwenye jiko, akafunua tangi, akatoa kidonge, akakivunja kwa kidole gumba na kukisogeza kwenye mwanga. Vile vile alivyofanya baba.

"Vumbi hili umelitoa wapi?"

"Karakanani."

"Gunia lipi?"

"La mlangoni. Lililofungwa waya."

Akachomoa waya wa umeme ukutani kwa nguvu mpaka soketi ikalegea.

"Nani amekula?"

"Kwani kuna nini?"

"Nimeuliza nani amekula!"

"Hakuna," mke wangu akasema kwa sauti ndogo. "Mzee amevimwaga vyote."

Randa akakaa chini, pale pale kwenye mchanga. Akafuta uso.

"Ni vumbi la mbao za dawa," akasema. "Zile za paa, zinazolowekwa sumu ili mchwa asiziguse. Vumbi lake halichomwi, moshi wake ni sumu. Mzee hakuruhusu hata kuku walilalie. Linafungwa waya, linakaa mlangoni, tunalipeleka kufukiwa. Kila aliyewahi kufanya kazi pale anajua."

Kila aliyewahi kufanya kazi pale. Mimi sikuwahi.

Nikamgeukia baba. Alikuwa bado anatazama ukuta, kama nilivyomweka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umelala mapajani, kiganja juu, na malengelenge manne yameshaanza kuvimba. Mkono pekee aliobakiwa nao.

Nikamgeuza. Nikapiga magoti.

"Baba, nisamehe. Sikujua. Nisamehe baba yangu."

Alinitazama. Kamasi zinanitoka, naongea maneno mia kwa dakika, mimi mwenye maneno yote duniani, na hakuna hata moja lililoweza kulirudisha lile nililolisema. Alinitazama muda mrefu, kisha akafumba macho. Hata Alhamisi hakunipa.

Tulikwenda hospitali wote siku hiyo hiyo. Watoto walikuwa salama. Baba alisumbuliwa na kifua kwa siku kadhaa, na kiganja kikafungwa bandeji, kwa hiyo hata kunyoosha kidole akawa hawezi. Jumatatu nikaenda kumwambia msimamizi ukweli wote, ile mashine ndogo ikafunguliwa na kutupwa, kwa kuwa ilishaingia sumu. Sikufukuzwa. Nilikuwa nataka nifukuzwe, ingekuwa afadhali.

Siku ya nne Randa alikuja na viazi viwili ndani ya gazeti. Alikuwa amevifukia kwenye jivu la jiko la gundi, kwa mbao alizochagua yeye. Alimwonyesha baba kipande cha mbao kwanza. Baba akakinusa. Randa akamenya kiazi, akakata kidogo, akakipeleka.

Baba akafungua mdomo.

Dada alipiga kigelegele. Mke wangu alilia. Mimi nilisimama mlangoni nashukuru Mungu, na nilishukuru kweli, kutoka moyoni.

Mpira hakuwekewa. Ameongezeka kilo nne. Anakula uji, anakula mayai, anakula ndizi zilizopondwa. Anakula kwa mkono wa mke wangu. Anakula kwa mkono wa dada, wa Randa, hata wa binti yangu mdogo, ambaye alishamsamehe kofi lile siku ile ile.

Kwa mkono wangu hali.

Nimejaribu asubuhi, nimejaribu mchana. Nimejaribu na kijiko alichokizoea, na chakula kile kile alichokuwa anakila dakika moja iliyopita. Ninapokishika mimi, anafunga mdomo. Hakasiriki, hapigi kelele. Hakitazami chakula, anautazama mkono.

Daktari anasema inaweza kuwa ni woga tu, mwili unakumbuka. Dada anasema atasahau. Randa anasema nimpe muda. Wote wananipenda, nawaelewa. Anayejua jibu ni mmoja, na hawezi kunijibu.

Ndugu msomaji, ukiwa na mtu ndani asiyeweza kusema, awe mtoto mchanga, awe mgonjwa, awe mzazi wako, akipiga kelele usiyoielewa usijifanye mkalimani. Zima jiko kwanza. Mtoe kwenye moshi. Halafu kaa chini umuulize taratibu, hata kama itakuchukua siku nzima. Na kama kuna mtu anayeifahamu kazi kuliko wewe, mpigie simu, hiyo aibu yako meza.

Leo mchana nimechemsha viazi viwili, nimevimenya, nimeviponda na maziwa mpaka vikalainika vizuri. Nikampa mke wangu bakuli, nikatoka nje ili baba ale.